Vimbunga vya Pasifiki: vinazaliwa wapi, vinatua kwa nani

Safu ya leo ni ya majibu tu. Tangu tuandike habari za El Niño na mvua za vuli, maswali mengi yanayoingia hayagusi mvua zetu hata kidogo. Watu wanauliza habari za vile vimbunga vikubwa vya upande wa Ufilipino, Japani na China. Sishangai, kwa sababu bidhaa za Kariakoo na Eastleigh zinatoka huko, watoto wetu wanasoma huko, na mabaharia wetu wanapita huko. Maswali nimeyafupisha na majina nimeyaacha.

Naagiza vyombo vya jikoni kutoka Guangzhou kuja Kariakoo. Kuna miaka, ikifika Agosti, wakala kila mara ananiambia meli imesimama kwa sababu ya kimbunga. Kuna miaka mingine neno hilo silisikii kabisa. Vimbunga huongezeka na kupungua, au wakala ananichezea?

Mama, wakala mwache kwanza, pengine anasema kweli. Pasifiki ya kaskazini-magharibi, yaani bahari yote ile kutoka pwani ya China na Ufilipino kwenda mashariki hadi katikati ya Pasifiki, ndiyo inayozaa vimbunga vingi kuliko sehemu yoyote duniani. Kwa wastani huzaa 25 au 26 vyenye majina kila mwaka, yaani vyenye nguvu ya kutosha kupewa jina, karibu theluthi ya vyote duniani. Idadi hiyo hupanda na kushuka: mwaka 1967 vilihesabiwa 39, mwaka 2010 vikawa 14. Lakini kwa mwenye kontena, idadi haisemi mengi. Vimbunga 30 vinaweza kuishia baharini na Japani bila kuligusa jimbo la Guangdong, kwenye mji wa wakala wako, na mwaka mkavu wa vimbunga 18 ukaleta vitatu mlangoni kwa wakala wako.

Jambo la kuuliza ni vinazaliwa wapi. Kimbunga hakijiendeshi. Pepo kubwa zinazokizunguka ndizo zinazokichukua, kama ngalawa isiyo na tanga inavyochukuliwa na mkondo, kwa hiyo mahali kilipoanzia huamua sana kitaishia wapi. Mwaka wa La Niña, yaani Pasifiki ya kati na ya mashariki ikiwa baridi kuliko kawaida, vingi huzaliwa karibu na bara la Asia, mashariki ya Luzon, kisiwa cha kaskazini mwa Ufilipino, au ndani ya Bahari ya China Kusini kwenyewe. Havina safari ndefu. Siku tatu nne vimeshatua Ufilipino, Vietnam au kusini mwa China. Mwaka wa El Niño, maji hayo yakiwa moto kuliko kawaida, vingi huzaliwa mbali, kusini-mashariki, katikati ya bahari. Vina muda wa kunenepa njiani, na vingi hupinda kaskazini kabla ya kuiona China, vikaelekea Japani au vikafia baharini.

Kwa biashara yako basi: mamlaka za hali ya hewa zikitangaza La Niña, mzigo wa Septemba hadi Novemba uongezee siku kadhaa za akiba. Bandari za Yantian, Nansha na Hong Kong husimamisha kazi kimbunga kinapokaribia. Kazi yenyewe husimama siku moja au mbili, ila foleni ya meli inayobaki nyuma ndiyo inayokula muda. Wakala akikwambia wiki tatu kwa kimbunga kimoja, hapo mwulize vizuri.

Nasoma kidato cha sita, Iringa. Tumefundishwa kwamba kimbunga kinahitaji bahari yenye joto la nyuzi 26 na nusu. Sasa kama Pasifiki ya magharibi ina joto hilo karibu mwaka mzima, El Niño inawezaje kuhamisha mahali vinapozaliwa?

Umeuliza swali ambalo watu wazima wengi hulipita. Ni kweli, joto la maji peke yake halielezi. Mwaka wa El Niño au wa La Niña, maji ya mashariki ya Ufilipino yana nyuzi 28 na zaidi. Kinachohama hasa ni mahali pepo zinapokutana.

Anza na pepo unazozijua. Kusi yetu ikivuka ikweta upande wa Somalia hugeuka kuwa pepo za msimu za kusini-magharibi, zile zinazoipelekea India mvua. Pepo za namna hiyo huendelea mashariki, zikapita Bahari ya China Kusini na kuingia Pasifiki. Huko hukutana na pepo zinazotoka mashariki. Pepo mbili zikikutana zikiwa na mielekeo kinyume, hewa ya katikati huanza kuzunguka, na mgandamizo wake hushuka. Ukanda huo wa makutano ndio mahali vimbunga vingi vya eneo lile vinapoanzia.

Kwa kawaida pepo za mashariki ndizo zinazosukuma maji moto ya Pasifiki kwenda magharibi na kuyarundika upande wa Indonesia na Ufilipino. Mwaka wa El Niño pepo hizo hulegea, maji moto yanarudi nyuma kuelekea katikati ya bahari, mawingu ya mvua yanayafuata, na pepo za magharibi zinapata nafasi ya kupenya mbali zaidi. Makutano yanavutika kwenda kusini-mashariki. La Niña hufanya kinyume: pepo za mashariki zinakaza, na makutano yanarudishwa karibu na Ufilipino.

Mwaka 2002 Bin Wang wa Chuo Kikuu cha Hawaii na Johnny Chan wa Hong Kong walipima tofauti hiyo. Walipolinganisha miaka ya El Niño kali na ya La Niña kali, waliona kwamba kati ya Julai na Septemba vimbunga huzaliwa kwa wastani nyuzi 6 za latitudo kusini zaidi, na kati ya Oktoba na Desemba huzaliwa nyuzi 18 za longitudo mashariki zaidi. Nyuzi 18 kwenye latitudo zile ni karibu kilomita 2,000. Kimbunga cha wastani kiliishi siku 7 miaka ya El Niño na siku 4 miaka ya La Niña. Na idadi ya jumla? Haikutofautiana sana. Ndiyo maana vichwa vya habari vinavyosema "El Niño yaleta vimbunga vingi" hunichosha.

Kuishi siku nyingi juu ya maji moto kuna matokeo yake. Mwaka 1997, El Niño ikiwa kali, vimbunga 11 vya eneo lile vilifika daraja ambalo Wamarekani huliita "super typhoon", la juu kabisa katika madaraja yao ya vimbunga vya huko. Tangu hesabu hizo zianze, ni mwaka 1965 tu uliofikisha idadi hiyo, nao ulikuwa wa El Niño.

Kwa nini vimbunga havizaliwi kwenye ikweta yenyewe, penye joto kuliko kwingine?

Kwa sababu mzunguko wa dunia, ambao ndio unaoifanya hewa izunguke badala ya kwenda moja kwa moja kuziba pengo la mgandamizo, hauna nguvu hiyo kwenye ikweta. Kwa kawaida kimbunga huhitaji kuwa latitudo 5 hivi au zaidi. Mwaka 2001, mwishoni mwa Desemba, kimbunga Vamei kilizaliwa latitudo 1.4 kaskazini, karibu na Singapore, kikatua Johor, Malaysia. Vitabu vilibidi viongezewe tanbihi.

Ni baharia, nyumbani Likoni. Desemba meli yetu hupita Ufilipino. Wenzangu wanasema mwezi huo msimu umekwisha, tulale. Ni kweli?

Nahodha, msilale. Julai hadi Septemba vimbunga hupita juu zaidi, upande wa Taiwan, China na Japani. Msimu ukielekea mwisho, eneo la kuzaliwa linashuka kusini, na vile vichache vinavyozaliwa hupitia visiwa vya kati na vya kusini vya Ufilipino. Watu wa Mindanao, ambao miaka mingi wanajiona wako nje ya njia, ndio wanaolipa bei hiyo.

Tarehe 16 Desemba 2011, wakati wa La Niña, kimbunga Washi kiliingia Mindanao. Upepo wake haukuwa wa kutisha, lakini mvua yake ilishuka milimani usiku, mito ikafurika ikawakuta watu wa Cagayan de Oro na Iligan wamelala. Waliokufa walizidi 1,200. Mwaka uliofuata, tarehe 4 Desemba 2012, Bopha ikapiga pwani ya mashariki ya Mindanao ikiwa na nguvu ambazo wakazi wa huko hawakuwahi kuziona. Zaidi ya watu 1,000 wakafa. Halafu tarehe 16 Desemba 2021, La Niña tena, kimbunga Rai kikapita Siargao, Surigao na Cebu.

Mwaka 2020 unastahili kuangaliwa na kila baharia. Julai yote haikuzaa kimbunga hata kimoja chenye jina, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu kumbukumbu za Japani zianze mwaka 1951. Watu wakadhani mwaka umepoa. La Niña ikakomaa, na kuanzia Oktoba vikaja mfululizo: Vietnam ya kati ilipigwa kimoja baada ya kingine mpaka vijiji vikafukiwa na maporomoko, tarehe 1 Novemba Goni ikatua kisiwa cha Catanduanes ikiwa na upepo uliokadiriwa kilomita 315 kwa saa, na siku kumi baadaye Vamco ikaleta mafuriko Manila. Japani mwaka huo hakikutua hata kimoja. Mwanzo wa mwaka ulikuwa kimya, mwisho wake ukawa mkali, na vilivyotua mwishoni vilitua kusini.

Mbona mnatuchanganya? El Niño ilikuwepo 2023, na bado kimbunga Saola kikaipiga Hong Kong mwezi Septemba. Faida ya nadharia hizi ni nini? — Msomaji, Nakuru

Una haki ya kukasirika kama kuna mtu alikuahidi kwamba El Niño ni hirizi. Haya mambo hubadilisha uwezekano, hayatoi hukumu. Mfano mbaya kuliko Saola ni Linda. Mwaka 1997, ile ile El Niño kali niliyoitaja ambayo ilipeleka vimbunga vingi baharini na Japani, kimbunga Linda kilizaliwa ndani ya Bahari ya China Kusini mwanzoni mwa Novemba na kikapita ncha ya kusini ya Vietnam, mahali ambapo wavuvi hawakuwa na mazoea ya vimbunga. Zaidi ya watu 3,000 walikufa au kupotea, wengi wao wakiwa baharini. Aliyeangalia wastani wa mwaka huo asingemwonya mvuvi wa Cà Mau hata kidogo.

Na Haiyan, iliyoua zaidi ya watu 6,300 Ufilipino tarehe 8 Novemba 2013, ilikuja mwaka ambao hapakuwa na El Niño wala La Niña. Hapo kulikuwa na jambo lingine la polepole ambalo watu hulisahau. Kwa miaka ishirini hivi kabla yake, pepo za mashariki za Pasifiki zilikuwa zimekaza kuliko kawaida, na bahari upande wa Ufilipino ilikuwa ikipanda kwa haraka kuliko wastani wa dunia. Kimbunga kiliposukuma maji ndani ya ghuba ya Tacloban, kilianzia kwenye bahari iliyokwisha kunyanyuliwa.

Faida, basi. Mamlaka ya bima, mpangaji wa bandari, shirika la misaada linaloamua mahema yakae ghala la Manila au la Kyushu, kusini mwa Japani, hao wanafanya kazi kwa uwezekano, na kwao tofauti kati ya La Niña na El Niño ni fedha na maisha. Mwenye nyumba moja ufukweni anahitaji utabiri wa siku tano.

Bahari yetu ya Hindi ina mchango wowote katika vimbunga vya Wachina, au kila kitu kinaamuliwa Pasifiki? — Tanga

Hili ndilo swali nililolingojea. Mchango upo, na ni wa namna mbili.

Ya kwanza ni ya majuma. Mwaka 1971 wanasayansi wawili wa Marekani, Roland Madden na Paul Julian, walikuta katika vipimo vya hewa vya kisiwa cha Canton, katikati ya Pasifiki, mapigo yanayojirudia kila baada ya siku 40 au 50 hivi. Baadaye ikaeleweka ni nini: eneo kubwa la mawingu na mvua ambalo kwa kawaida huanza upande wetu, Bahari ya Hindi, likatembea kwenda mashariki kwa mwendo wa kama mita 5 kwa sekunde mpaka Pasifiki. Watabiri wa Dar es Salaam na Nairobi huliita kwa herufi zake, MJO (M na J ni Madden na Julian), na hulifuatilia kwa sababu likiwa kwetu mvua za masika huchangamka. Likifika Pasifiki ya magharibi majuma kadhaa baadaye, pepo za magharibi hukazana, makutano niliyoeleza hupata nguvu, na vimbunga huzaliwa kwa makundi. Likipita, kimya. Ndiyo maana vimbunga vya huko haviji kwa kupangiana foleni. Huja vinne ndani ya siku kumi, kisha wiki tatu hakuna. Novemba 2024 Yinxing, Toraji, Usagi na Man-yi vilikuwepo baharini kwa wakati mmoja. Kwa mwezi wa Novemba hilo halijawahi kuonekana tangu 1951.

Ya pili ni ya mwaka mzima, na naipenda zaidi. El Niño ikiisha Pasifiki, joto lake halijaisha. Bahari ya Hindi hulipokea kwa kuchelewa na kulitunza, ikabaki moto miezi kadhaa baada ya Pasifiki kupoa. Joto hilo husababisha pepo za mashariki kuvuma upande wa Ufilipino na hewa ya hapo kuwa nzito na tulivu wakati wa kiangazi cha huko. Vimbunga vinakosa mahali pa kuzaliwa. Angalia miaka iliyofuata El Niño: 1998 kimbunga cha kwanza chenye jina kilingoja mpaka Julai, 2010 ndio ule mwaka wa vimbunga 14, 2016 cha kwanza, Nepartak, kilipewa jina tarehe 3 Julai.

Unakumbuka vuli ya 2019? Daipoli ya Bahari ya Hindi, yaani tofauti ya joto kati ya upande wetu na upande wa Indonesia, ilikuwa kali mno. Afrika Mashariki ikafurika, na Ziwa Victoria lilipofika Mei 2020 lilikuwa limepanda kuvunja rekodi. Joto lililobaki baharini halikuishia kwetu. Watafiti wameihusisha hali hiyo na mafuriko makubwa ya mto Yangtze ya kiangazi cha 2020, na hewa nzito iliyokaa juu ya Ufilipino wakati huo huo ndiyo ile iliyoifanya Julai ipite bila kimbunga. Aliyefurikiwa Budalang'i, Kenya, na aliyefurikiwa Wuhan, China, walikuwa wanalipa deni la bahari moja.

Kwa nini Wafilipino wanakiita kimbunga jina lao badala ya jina la dunia?

Majina ya kimataifa hutolewa na Shirika la Hali ya Hewa la Japani, kutoka orodha ya majina 140 iliyochangiwa na nchi na maeneo 14. PAGASA, mamlaka ya Ufilipino, hutoa jina lake kwa kila kimbunga kinachoingia eneo lake la uangalizi, ili wananchi wapate neno jepesi la kukumbuka. Haiyan kwao ni Yolanda. Wana sababu: vinavyoingia eneo lao ni karibu 20 kwa mwaka, na 8 au 9 hupita juu ya nchi yao.

Assalaam aleikum. Niko Muscat, asili yetu Unguja. Hapa tulipata Gonu na Shaheen, na huko nyumbani nasikia Hidaya. Je, ni mambo yale yale ya Pasifiki?

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Kanuni ni zile zile, bahari ni nyingine na ndogo zaidi. Bahari ya Arabuni huzaa vimbunga vichache kwa mwaka, na katikati ya kiangazi, kusi ikiwa imepamba moto, karibu haizai, kwa sababu upepo wa juu na wa chini hutofautiana mno na kimbunga hukatika kabla hakijasimama. Kwa hiyo hatari yenu ina milango miwili: Mei na Juni kabla kusi haijakaza, na Oktoba hadi Desemba ikishalegea. Gonu ilipita mlango wa kwanza, Juni 2007. Shaheen ule wa pili, tarehe 3 Oktoba 2021, ikatua pwani ya Batinah ambako wazee walio hai hawakuwahi kuona kitu kama hicho. Daipoli ikiwa chanya, upande wenu na wetu huwa moto na mlango wa pili hupanuka. Mwaka ule ule wa 2019 Bahari ya Arabuni ilikuwa na Kyarr na Maha kwa pamoja.

Hidaya ilikaribia Mafia tarehe 4 Mei 2024 ikiwa inapungua nguvu. Nadra, lakini Lindi ilipigwa Aprili 1952, na Unguja tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kikang'oa mikarafuu na kuzamisha merikebu za Sayyid Barghash. Pemba ilinusurika, na ndiyo sababu karafuu zake zikatangulia baada ya hapo.

Setilaiti zimeanza juzi tu. Mnajuaje vimbunga vilipita wapi zamani? — Bukoba

Kwa kusoma makaratasi na matope. Maafisa wa wilaya za Guangdong, kwa karne nyingi, waliandika kumbukumbu za kila balaa: mawimbi yaliyovunja kuta, mazao yaliyolazwa, mahekalu yaliyoezuliwa. Mwaka 2001 Kam-biu Liu na wenzake walizikusanya na kuhesabu mapigo 571 kati ya mwaka 975 na 1909. Vipindi viwili vilizidi vingine, 1660 hadi 1680 na 1850 hadi 1880, navyo viliangukia nyakati za baridi na ukame kaskazini mwa China. Maelezo yao ni kwamba baridi ile ilizisukuma njia za vimbunga zishuke kusini zaidi. Hapakuwa na gari wala kiwanda cha kulaumiwa mwaka 1670. Njia zilihama zenyewe.

Matope nayo yana habari tamu. Mnajua kisa cha majeshi ya Kublai Khan, mtawala wa Wamongolia, yaliyovuka kwenda Japani mwaka 1274 na 1281 na kuharibiwa na dhoruba. Wanahistoria wengine waliona ni chumvi ya wasimulizi, kwa kuwa siku hizi pwani ile ya Kyushu haipigwi mara nyingi namna hiyo. Jonathan Woodruff na wenzake wakachimba matope ya ziwa la pwani upande wa Amakusa, wakakuta tabaka za mchanga wa bahari ulioingizwa na mafuriko makubwa, mbili kati yake zikilingana na karne hiyo. Waliyoyachapisha mwaka 2015 yanaonyesha kwamba zama zile mapigo ya Kyushu yalikuwa mengi kuliko sasa, jambo linaloafikiana na Pasifiki iliyoelemea hali ya El Niño. Kublai Khan, kumbe, alichagua karne mbaya.

Kwa Ufilipino kuna mapadri Wajesuiti. Federico Faura wa kituo cha Manila alitoa onyo la kimbunga tarehe 7 Julai 1879 akiwa na kipimo cha mgandamizo na akili yake.

Haya yote ni maumbile tu, au ni mabadiliko ya tabianchi? Jibu moja tafadhali, bila kuzunguka. — Kigoma

Bila kuzunguka: vyote viwili, na kuvitenganisha ndiko kazi ilipo.

Pasifiki ina mabadiliko ya miongo pia, mbali na El Niño ya mwaka huu au ujao. Miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 vimbunga vilikuwa vingi, baada ya 1998 vikapungua. Mtu akichukua mstari wa 1998 hadi 2010 atasema ongezeko la joto duniani linapunguza vimbunga. Akianzia kwingine atasema kinyume. Wote wawili wanapima pumzi ya bahari na kudhani wamepima homa yake.

Lakini yapo yasiyoelezwa na pumzi hiyo. Ripoti ya jopo la kimataifa la tabianchi ya mwaka 2021 inasema sehemu ya vimbunga vikali kati ya vyote huenda imeongezeka duniani kwa miongo minne, na kwamba mahali ambapo vimbunga vya Pasifiki ya kaskazini-magharibi hufikia kilele cha nguvu pamesogea kaskazini kiasi ambacho mabadiliko ya asili peke yake hayawezi kukieleza. Wei Mei na Shang-Ping Xie walionyesha mwaka 2016 kwamba vimbunga vinavyotua mashariki na kusini-mashariki ya Asia vimeongezeka nguvu kwa asilimia 12 hadi 15 ndani ya miaka 37, na sababu waliyoitaja ni maji ya karibu na pwani kupata joto. Idadi haitazamiwi kuongezeka. Huenda hata ikapungua.

Kwa hiyo El Niño na La Niña zitaendelea kugawa nani apigwe mwaka gani. Atakayepigwa atapigwa na kitu kizito zaidi, na mvua yake itakuwa nyingi zaidi, maana hewa yenye joto hubeba unyevu mwingi. Hagibis ilipotua rasi ya Izu tarehe 12 Oktoba 2019, mji wa milimani wa Hakone ulipata milimita 922.5 ndani ya siku moja. Hicho ni kiasi kikubwa kuliko chote kilichowahi kupimwa Japani kwa siku, na kinakaribia mvua mnayopata Kigoma kwa mwaka mzima.